Msamaha wa Fundi Odongo

Rumande, Nakuru
2 Aprili 2023

Baba Fancy,

Sijui nianze na salamu gani, kwa hivyo naziacha. Mfupa wa bega haujashika na mkono wa kulia bado umefungwa, barua hii naiandika kwa kushoto. Usione mwandiko mbaya ukadhani nilikuwa nimekunywa. Sikunywa siku ile wala siku nyingine.

Nimeambiwa mlimpeleka shemeji Adero nyumbani Ugenya mkamzika tarehe kumi na saba Machi. Nabalayo wangu alitaka kwenda na akina mama wa kanisa, akaona haya kupanda basi moja na nyinyi, yeye akiwa mke wa aliyeua. Alibaki kwenye ploti amejifungia. Miaka tisa tumekaa mlango kwa mlango, tumekopeshana chumvi na makaa, na sasa mke wangu anapita nyuma ya choo ili asikutane na wewe.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Sitafuti mtu mwingine. Pale kiwandani Elburgon Jamleck alipakia mbao kuliko siku zote, kwa sababu mteja wa Gilgil alikuwa na haraka ya kuezeka, na mimi niliona springi zimelala nikanyamaza. Ni lori lake, ni kazi yake, nikajiambia nitashuka polepole. Mteremko wa kuja Njoro unaujua. Nilikanyaga breki, nikakanyaga tena, kisha mguu ukaenda hadi chini na hakukuwa na kitu. Nililielekeza lori kwenye ukingo nikitumaini litasimama. Lilianguka kwa upande aliokaa Adero.

Ningekataa zile mbao za juu, shemeji angekuwa sasa hivi anakoroga maharagwe mbele ya gereji yako. Nalifikiria hilo kila nikiamka. Naomba msamaha wako. Usiponipa leo, nitaomba tena.

Wamalwa


Nakuru
21 Aprili 2023

Wamalwa,

Usiniite Baba Fancy. Jina hilo lilikuwa likitoka kwa Adero, na sitaki kulisikia kwako.

Nilikaa na barua yako siku nane kabla ya kuifungua. Umeendesha malori miaka ishirini ukashindwa kusema neno moja kwa Jamleck? Lori mlilileta gereji kwangu likiwa linazima lenyewe barabarani, kompyuta yake ya injini imeingia maji. Nikaitoa, nikaweka nyingine. Alhamisi nikakukabidhi gari linalowaka mara ya kwanza, taa ya injini imezima, halina shida. Jumamosi ukaniletea mke wangu amefunikwa turubai.

Na mimi mpumbavu ndiye niliyekupigia simu asubuhi ile. Nilikwambia Adero yuko Elburgon kununua viazi na mbao za kibanda, umbebe akirudi. Nilimkabidhi kwako kwa mdomo wangu mwenyewe.

Fancy ana miaka kumi na miwili. Anapika ugali haujaiva, na tunaula hivyohivyo. Juzi aliniuliza kama utarudi kukaa kwenye ploti. Nilimwambia hutarudi.

Nina swali moja. Alisema nini? Wewe ndiwe uliyekuwa naye, mimi sikuwapo. Nijibu hilo, kisha usiandike tena.

Odongo


Rumande, Nakuru
5 Mei 2023

Odongo,

Nitakuita hivyo kama ulivyotaka.

Alikuwa ananisimulia harusi yenu. Alisema suti uliyovaa ulikuwa umeiazima, na mwenyewe alikuja kuidai kabla keki haijakatwa, ukamalizia sherehe na shati. Alicheka hadi akashika dashibodi. Akasema, "Huyo mtu ananipenda lakini hawezi kupanga kitu." Usiudhike. Aliyasema kwa raha, na alikuwa anakula mahindi ya kuchoma aliyonunua pale stendi kwa mama mmoja anaitwa Wachuka, akanimegea nusu.

Lori lilipoanza kukimbia aliniuliza, "Wamalwa, mbona unaenda mbio?" Nilikuwa napigana na gia. Akashika kiti. Tulipokaribia ukingo alimtaja Fancy. Mara moja tu. Hakupiga kelele.

Hayo ndiyo yote. Sikupunguza wala sikuongeza.

Kuna jambo lingine nakuambia kwa sababu wewe ni fundi. Tangu juu nilikuwa nimevuta breki ya eksosi, ile inayoziba moshi ili injini yenyewe ilizuie lori. Taa yake iliwaka kwenye dashibodi kama kawaida. Lakini injini haikunguruma vile hunguruma ikishika. Nilidhani ni mzigo umeizidi. Mkaguzi wa magari aliandika kwamba breki za miguu ziliungua kwa kukanyagwa sana, hakuna ubovu mwingine. Wakili wangu ni dada mmoja anaitwa Celestine, bado kijana lakini mkali. Anasema nikane kosa, tutafute mtu wa kuikagua hiyo breki ya eksosi. Mimi naona ni kutafuta pa kujificha. Nitajibu mashtaka tarehe 19 Juni.

Umeniambia nisiandike tena. Nitajaribu.

Wamalwa


Nakuru
7 Juni 2023

Ndugu yangu Wamalwa,

Nilikukataza kuandika, na sasa ni mimi ninayeandika.

Nimekusamehe. Nimelifikiria sana neno hili kabla ya kulishikia kalamu. Adero alikuona kama ndugu yake wa damu, hangependa tuishi hivi. Usijitese tena kwa ajili yangu.

Nimempa Nabalayo unga, na sabuni yako atakuletea. Nimemwambia asipite tena nyuma ya choo.

Ile habari ya breki ya eksosi, wakili bado anaifuatilia? Lori limekaa uani kwa polisi na mvua inalinyeshea, sidhani kama kuna kitu kitaonekana tena. Lakini wewe ndiwe unayejua la kufanya.

Niite Baba Fancy kama zamani.

Odongo


Gereza, Nakuru
24 Juni 2023

Baba Fancy,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini nikaisoma tena. Nililia hadi wenzangu wakadhani nimepata habari ya kifo. Nikawasomea. Mzee mmoja wa Molo, amekaa ndani miaka kumi na moja, alisema hajawahi kupokea barua kama hiyo kutoka kwa mtu yeyote.

Ndipo nikajua la kufanya. Siku ya kujibu mashtaka, karani alipomaliza kusoma, nilisema ni kweli. Celestine alinivuta shati. Hakimu akaniuliza mara mbili kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Kama kesi ingeendelea ungesimamishwa kizimbani uonyeshwe zile picha za barabarani, na Fancy angezisikia zikisemwa. Mtu amenisamehe, kisha nimburute mahali kama pale nikitafuta kosa kwenye nyaya? Sikuweza.

Nimepewa miaka minne. Celestine alikusanya karatasi zake akaondoka bila kuniaga, na simlaumu.

Usihuzunike. Nimelala vizuri siku hizi tano kuliko wakati wowote tangu Machi. Bega limeshika, wameniweka karakana ya useremala, mbao na mimi hatuachani. Kila asubuhi nikiomba nakutaja wewe kwanza, kabla ya watoto wangu.

Nabalayo ana kazi ya kufulia watu, sijui kama itawatosha yeye na binti yetu Joyline na wale wadogo. Ukipita mlangoni wasalimie tu. Hata salamu ni kitu.

Wako,
Wamalwa


Nakuru
14 Novemba 2023

Wamalwa,

Umeniandikia mara tatu tangu Juni na sikujibu. Najua barua hii itasomwa ofisini kwenu kabla haijakufikia. Na isomwe.

Mwisho wa Mei, tarehe thelathini na moja, Kemboi wa Njoro aliniletea lori lake, lile la kubebea ngano. Ni aina moja na la Jamleck. Wiki ile niliyotengeneza lako nilikuwa nimembadilishia yeye pia kompyuta, na zote mbili nilizitoa kwenye katoni moja, kwa muuzaji mmoja wa spea kuukuu. Kemboi hakuwa amelishusha mlimani na mzigo tangu siku ile. Alikuwa akisubiri mavuno ya mashamba ya bondeni. Aliniambia, "Fundi, hii eksosi breki iko na taa lakini haishiki hata kidogo. Ulinifanyia nini?"

Niliingia chini ya lori nikamwambia avute ule wenzo wa breki ya eksosi. Taa iliwaka. Valvu ya kuziba moshi haikutikisika. Nilikaa pale chini muda mrefu, Kemboi akadhani nimelala.

Kumbe yale maboksi ya kompyuta yalitolewa kwenye malori mepesi ya mjini, yaliyotengenezwa bila breki ya eksosi. Kwa nje ni sawa kabisa, plagi ni zilezile, namba za kibandiko ni zilezile isipokuwa mbili za mwisho. Injini inawaka na kuvuta vizuri. Lakini kompyuta ile haijui kwamba gari lina breki hiyo, kwa hivyo haitoi amri valvu ifunge. Taa inawaka kwa sababu waya wake unatoka kwenye wenzo moja kwa moja, haupitii kwenye kompyuta. Ulivuta ukaona taa, ukaamini lori limeshikwa. Mtu yeyote angeamini.

Unajua tunavyopima kazi hapa gereji. Gari liwake, taa ya injini izime, tulizungushe mtaani mara mbili bila mzigo kwenye barabara tambarare, kisha tumpigie mwenyewe simu. Nimefanya hivyo miaka kumi na minane. Sikuwahi hata siku moja kulipeleka lori mteremkoni kabla ya kulikabidhi, na sikusoma namba mbili za mwisho. Mbao za Jamleck zilikuwa nyingi, ndiyo, lakini ulishawahi kushuka na mbao nyingi kama hizo. Lori halikushikwa na injini, ndiyo maana breki za miguu ziliungua. Mimi ndiye niliyemuua Adero, tena nikampigia mtu simu ambebe.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi. Nilipokuandikia kwamba nimekusamehe, nilikuwa nimeshajua siku saba. Nilidhani ukisamehewa utatulia, na ukitulia Celestine ataacha kuchimba. Sikudhani utakiri kosa. Au nilidhani, sijui tena. Niliposoma kwamba umefungwa miaka minne ili mimi nisione picha, niliikunja barua nikaitia mfukoni. Kisha nikarudi kazini. Nilijiambia Fancy hana mama, nikienda ndani atabaki na nani. Kwa miezi mitano nimekula na sababu hiyo na kulala nayo.

Kemboi nilimbadilishia boksi, nikamwambia lilikuwa na hitilafu ndogo.

Mwisho wa Oktoba Nabalayo alikuja gereji kuaga. Labda ameshakuandikia kwamba amerudi Kimilili na watoto, kodi ya chumba ilimshinda. Mafundi wote walikuwapo, na Fancy alikuwa ametoka shule. Nabalayo alipiga magoti pale kwenye oili, na leso yake ile nzuri ya kanisa, akanishukuru kwa kumsamehe mume wake. Alisema hajawahi kuona mtu kama mimi. Nilisimama na spana mkononi. Fancy ndiye aliyemwinua, akampangusa magoti.

Sikuweza kuendelea baada ya siku ile. Jana nilikwenda kituoni nikaandikisha taarifa. Lori bado liko uani kwao na boksi liko ndani yake, niliwaonyesha namba. Nakala nimempelekea Celestine. Aliisoma akanitazama, akaniambia nitoke ofisini kwake.

Fancy sijamwambia. Kila siku nasema kesho.

Siombi kitu. Sina mdomo wa kuomba.

Odongo


Gereza, Nakuru
1 Desemba 2023

Odongo,

Askari aliyenipa barua yako alikuwa ameshaisoma. Alinipa bila kunitazama usoni. Nilidhani Nabalayo ameaga dunia, au mmoja wa watoto. Nilisoma mistari ya kwanza nikitafuta jina la maiti.

Kosa la boksi ningelielewa. Nisikilize vizuri, ningelielewa. Mimi pia niliona springi zimelala nikanyamaza. Ungekuja Mei ile ukaniambia, tungekaa kwenye benchi la wageni, watu wawili waliokosea, tukamlilia Adero pamoja. Ningekwambia hukujua, na ningemaanisha. Huenda ningekukataza hata kwenda polisi, kwa ajili ya mtoto. Mimi ni mjinga wa namna hiyo, unanijua.

Lakini wewe ulikaa siku saba ukachagua. Katika maneno yote ulichagua lile ulilojua ninalililia, ukanitumia pamoja na sabuni. Nimekutaja kwenye maombi kila asubuhi kabla ya watoto wangu. Nabalayo amekupigia magoti. Joyline ameacha shule Kimilili, analima kwa watu, na mimi nilikuwa nikimwandikia kwamba baba yake ni mtu mwenye bahati kwa sababu amesamehewa. Hayo ndiyo yanayonichoma. Miaka minne ni siku tu, zinahesabika.

Yule mzee wa Molo aliniuliza barua inasema nini, kwa kuwa barua zako nilikuwa namsomea. Nilimwambia ni salamu. Nimeanza kudanganya kwa ajili yako hata mimi.

Barua yako ya Juni naitia ndani ya bahasha hii. Imechakaa kwenye mikunjo, nilikuwa nalala nayo mfukoni. Ichukue, sina kazi nayo.

Celestine amekuja mara mbili. Ombi letu litasikilizwa Mahakama Kuu tarehe 6 Februari, na anasema namba zile mbili zinaweza kunitoa. Ikiwa hivyo nitakwenda Kimilili moja kwa moja. Sitapita kwenye ploti.

Mwambie mtoto. Asije akayasikia kortini au kwa wanawake wa mferejini. Mkalishe chini umwambie wewe mwenyewe, na usijipambe. Hilo ndilo la mwisho ninalokuomba.

Wamalwa


Njoro
7 Januari 2024

Kwa Baba Joyline,

Natumai bega lako limepona. Mimi ni Fancy. Sasa nina miaka kumi na mitatu na ninakaa Njoro kwa anti, dada yake mama. Nitasomea huku.

Baba aliniambia siku iliyofuata Krismasi. Alinipeleka gereji, hakukuwa na mtu, akatoa maboksi mawili akayaweka juu ya meza, akanionyesha namba kwa kidole kama ananifundisha hesabu. Alisema, "Hii ndiyo ingefaa, na hii ndiyo niliyoweka." Nilimuuliza alijua lini. Alisema Mei. Nilimwambia nataka kwenda kwa anti, na hakunikataza. Alinipa barua zako zote nikaja nazo. Nimezisoma kwa mpangilio wa tarehe, zako na zile alizonakili za kwake.

Ile hadithi ya suti sikuijua. Mama hakuwahi kunisimulia, pengine alikuwa akingoja niwe mkubwa. Kama kuna mengine aliyosema mkiwa njiani, hata yasiyo na maana, naomba uniandikie. Wewe pekee ndiye unayeyajua.

Nataka pia kukuomba msamaha. Tangu mama afe nilikuwa naandika jina lako nyuma ya daftari la hesabu, kisha nalikata kwa kalamu hadi karatasi inatoboka. Kila siku ya shule. Nabalayo alipokuja kuaga nilimwinua kwa sababu watu walikuwa wakitazama, lakini moyoni nilisema afadhali wanaenda. Joyline alinipungia mkono kwenye geti na sikumpungia. Mwambie samahani ukimwandikia.

Polisi walimchukua baba Jumanne wakamwachilia kwa bondi. Atakuwa kortini tarehe sita Februari, siku ya kesi yako, atasema yote. Amenieleza kwamba huenda wewe ukitoka yeye ndiye atakayeingia. Ninataka utoke. Nimeomba utoke. Anti anasema si dhambi kuomba hivyo.

Jumapili ijayo baba anakuja kuniona. Anti amesema nimpikie chai, na nitampikia. Lakini ile hasira niliyokuwa nayo kwako bado iko yote, haikupungua nilipojua si wewe, na sijui niipeleke wapi, kwa sababu yeye ndiye mzazi niliyebaki naye.

Fancy